Titresheni bila kuungua na bila kupika majibu: mwongozo kamili wa maabara na daftari lake

Wanafunzi wengi wa kidato cha tatu na cha nne wanaijua kwa kichwa titresheni, yaani kupima nguvu ya kimiminika kimoja kwa kukidondoshea kingine mpaka vimalizane. Wakiingia maabara, wanatoka na majibu ambayo hata wao wenyewe hawayaamini. Ukifungua madaftari yao unakuta ugonjwa ni ule ule: namba ziliandikwa kwenye karatasi ya pembeni, kiganjani au kwa penseli juu ya meza, halafu zikahamishiwa kwenye daftari jioni, zikiwa safi na zimekosa nusu ya habari. Na mara nyingi anayeandika hovyo ndiye huyo huyo anayemimina kemikali bila kusoma lebo.

Kwa hiyo hapa usalama na daftari vinakwenda pamoja. Zoezi letu ni moja: kutafuta ukolezi (kiasi cha kemikali kilichomo katika kila lita) wa asidi ya haidrokloriki kwa kutumia sodiamu kaboneti ya 0.05 M, yaani moli 0.05 kwa lita; moli ni kipimo cha kuhesabia chembe za kemikali. Ukiliweza hili, mengine ya aina hii hayatakusumbua.

## Mahitaji

Ya mwili: koti la maabara lenye vifungo vinavyofunga kweli, miwani ya kinga, viatu vya kufunika mguu mzima, na kibanio au mpira wa kufungia nywele.

Ya mezani: bureti (bomba refu lenye vipimo na koki chini) ya sentimita za ujazo 50, pipeti (bomba la kupimia ujazo mmoja tu) ya 25 au 20, mpira wa kufyonzea, flaski za koni tatu, bika mbili, faneli ndogo, stendi na kibanio chake, kigae cheupe (karatasi nyeupe inatosha), chupa ya kunyunyizia maji yaliyotoneshwa, na methaili oranji, kiashiria kinachobadilika rangi asidi na kaboneti zikimalizana.

Ya chumba: maji yanayotiririka. Shule nyingi bomba hukauka saa ile ile mnapolihitaji, kwa hiyo wekeni ndoo ya maji safi yenye mfuniko na jagi lake, na iandikwe "ya dharura". Hii si ya kuoshea vyombo. Ongezeni ndoo ya mchanga, ufagio na kizoleo.

Ya kuandikia: kaunta buku, siyo karatasi za kuchana wala daftari la pini linaloachia kurasa. Peni mbili za wino, bluu au nyeusi. Rula. Penseli ni ya kuchora vifaa na grafu tu.

## Hatua ya 1: Andika kabla hujaingia

Usiku wa kuamkia zoezi, fungua daftari. Kama ni jipya, andika namba za kurasa zote kwa mkono na uache kurasa mbili za mwanzo kwa ajili ya yaliyomo. Namba za kurasa zinakulinda: hakuna atakayesema umechana ukurasa wa majibu mabaya, na wewe mwenyewe hutashawishika kuuchana.

Kwenye ukurasa wa zoezi weka tarehe, kichwa, lengo kwa sentensi moja, na jedwali tupu la namba lililokwisha kupigwa mistari. Kisha piga jedwali jingine dogo la safu tatu: kemikali, hatari yake, na "ikinimwagikia nifanye nini".

Wanafunzi huiruka safu ya tatu kwa sababu haina alama kwenye mtihani. Usiiruke. Mtu aliyerukiwa na asidi jichoni hana muda wa kufikiri. Anafanya kile alichokwisha kukiamua. Kwa zoezi letu inaweza kusomeka hivi:

| Kemikali | Hatari | Nifanye nini |
|---|---|---|
| Asidi ya haidrokloriki, karibu 0.1 M | Inawasha macho na vidonda | Maji mengi papo hapo, nimwite mwalimu |
| Sodiamu kaboneti 0.05 M | Inawasha macho | Maji mengi papo hapo, nimwite mwalimu |
| Methaili oranji | Ni sumu ikimezwa, inatia doa | Ninawe, nisiguse mdomo |

Umefanikiwa kama mwenzako anaweza kulisoma daftari lako na kufanya zoezi bila kukuuliza chochote.

## Hatua ya 2: Vaa kama mtu atakayemwagikiwa

Kandambili na yeboyebo zibaki nje. Kioo kikidondoka kinarukia miguu kwanza, na asidi inapita kwenye matundu ya yeboyebo kama maji. Ushungi uingizwe ndani ya koti, ncha zisining'inie, hasa siku za moto. Nguo za nailoni zikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, ndiyo maana koti la pamba ni bora.

Miwani huvaliwa tangu kemikali ya kwanza inapofunguliwa mpaka ya mwisho inapofungwa, hata kama wewe umemaliza. Atakayekurushia ni jirani yako ambaye bado anaendelea.

Usile, usinywe, usitafune bigijii. Na chupa ya maji ya kunywa isiingie kabisa, kwa sababu ifuatayo.

## Hatua ya 3: Soma lebo mara mbili

Soma unapoishika chupa, soma tena kabla ya kumimina. "Soda" ya lebo moja ni kaboneti, ya nyingine ni haidroksaidi, na hii ya pili hula ngozi. Alama za hatari zinazotumika sasa, za mfumo wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2003, ni almasi nyeupe yenye mpaka mwekundu: kimiminika kinachokula mkono na chuma ni kemikali ya kuunguza, mwali ni ya kuwaka, fuvu ni sumu. Kwenye stoo za shule bado utakutana na chupa za zamani zenye miraba ya rangi ya machungwa. Maana zake zinakaribiana sana na za sasa.

Onyo: usitumie kemikali isiyo na lebo hata kama kila mtu anajua ni nini. Na usihifadhi kemikali yoyote kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Asidi iliyozimuliwa, maji na spiriti vyote havina rangi. Mwenye kiu hatofautishi.

Ukishachukua unachohitaji, usirudishe kilichobaki kwenye chupa kuu. Ni uchoyo mdogo unaoharibu majibu ya darasa zima. Chukua kidogo, ukihitaji, ongeza.

## Hatua ya 4: Kuzimua asidi (ya mwalimu au fundi sanifu maabara)

Mwanafunzi, soma ujue, lakini usifanye peke yako.

Asidi ya haidrokloriki ya dukani yenye asilimia 36 na densiti 1.18 ina ukolezi wa takriban 11.6 M. Ili kupata lita moja ya 0.1 M unahitaji kama sentimita za ujazo 8.6 tu. Weka kwanza maji, kama nusu lita, kwenye chombo, mimina asidi polepole huku ukikoroga, acha ipoe, kisha jaza maji mpaka lita moja.

Asidi iende kwenye maji, kamwe maji yasiende kwenye asidi. Kwa haidrokloriki utaona moshi unaokaba. Kwa salfuriki mambo ni mabaya zaidi. Salfuriki ya asilimia 98 ina densiti ya 1.84, yaani ni nzito karibu mara mbili ya maji. Ukimwagia maji juu yake yanaelea, joto kali linazuka pale yanapokutana, maji yanachemka ghafla na kurusha asidi usoni. Ukimimina asidi ndani ya maji mengi, inazama na joto linasambaa.

Kaboneti ni rahisi: pima gramu 5.3 za sodiamu kaboneti kavu isiyo na maji, yeyusha, jaza mpaka lita moja. Hiyo ni 0.05 M. Tafadhali, magadi ya sokoni hayafai hapa. Yana maji, baikaboneti na chumvi nyingine ndani yake, kwa hiyo gramu 5.3 zake si gramu 5.3 za kaboneti.

## Hatua ya 5: Suuza kila chombo kwa kinachostahili

Hapa ndipo alama nyingi hupotea kimyakimya.

Bureti isuuzwe kwa maji yaliyotoneshwa, kisha mara mbili kwa asidi itakayojazwa. Pipeti isuuzwe kwa maji, kisha kwa kaboneti. Flaski ya koni isuuzwe kwa maji tu, basi.

Matone ya maji yakibaki ndani ya bureti yanaipunguza asidi nguvu, kwa hiyo utatumia nyingi kuliko haki. Flaski ni kinyume chake. Ukiisuuza kwa kaboneti, umeingiza kaboneti ya ziada ambayo hukuipima. Maji ndani ya flaski hayana neno, maana hayabadilishi kiasi cha kaboneti kilichomo.

## Hatua ya 6: Jaza bureti chini ya usawa wa macho

Usipande juu ya stuli ukamimina asidi ukiwa umeinua uso. Legeza kibanio, shusha bureti mpaka mdomo wake uwe chini ya kidevu chako, au iteremshe stendi nzima sakafuni. Hakikisha koki imefungwa. Tumia faneli, jaza kupita sifuri kidogo, kisha ondoa faneli. Ikibaki, tone moja litadondoka katikati ya kazi na bureti itasema uongo.

Fungua koki kwa kishindo sekunde moja ili sehemu ya chini ya koki ijae. Kama kuna kipovu cha hewa pale, kitatoka baadaye na nafasi yake kujazwa na asidi ambayo haikuingia kwenye flaski, ingawa wewe utaihesabu.

Sasa soma. Jicho liwe sawa na mbonyeo, yaani uso wa kimiminika uliopinda katikati, usome chini ya mbonyeo. Shika karatasi nyeupe nyuma yake. Ukisoma kutoka juu, namba inatoka ndogo kuliko halisi. Ukisoma kutoka chini, inatoka kubwa. Si lazima uanzie 0.00. Kuanzia 0.20 au 1.00 ni sawa kabisa, mradi umeandika.

Bureti imegawanywa kwa 0.1, kwa hiyo unaweza kukadiria mpaka 0.05. Andika desimali mbili kila mara: 25.10, siyo 25.1, siyo 25. Sifuri ya mwisho inamwambia msomaji ulipima mpaka wapi.

## Hatua ya 7: Pipeti, na mdomo ukae mbali

Kuvuta kemikali kwa mdomo bado kunafanyika mashuleni, na walimu wengine hulifumbia macho kwa sababu mipira ya kufyonzea haitoshi. Ncha ya pipeti ikitoka kwenye kimiminika kwa bahati mbaya unapovuta, hewa inaingia na kilichomo kinaruka mpaka kooni. Kama hakuna mpira, tumia bureti ya pili kupimia kaboneti, na uandike kwenye daftari kwamba umefanya hivyo. Inakubalika, na haimwumizi mtu.

Vuta mpaka kupita alama, shusha mpaka mbonyeo uguse alama, kisha achia kwenye flaski huku ncha ikigusa ukuta wa ndani. Kile kitone kinachobaki kwenye ncha usikipulize. Pipeti ya kawaida ya shule imetengenezwa ikijua kwamba kitone hicho kitabaki.

Soma ujazo uliochapishwa kwenye pipeti yenyewe na uuandike. Kitabu kinasema 25, pipeti ya shule yenu ni 20, na mwanafunzi anaandika 25 kwa mazoea. Hesabu yote inakwenda na maji.

## Hatua ya 8: Titresheni yenyewe

Tia matone mawili au matatu ya methaili oranji. Yasizidi, kwa sababu kiashiria nacho kinashiriki kwenye mmenyuko. Flaski itakuwa ya njano. Iweke juu ya kigae cheupe.

Mkono wa kushoto kwenye koki, wa kulia unazungusha flaski. Mzunguko wa kwanza ni wa majaribio: achia haraka ujue mabadiliko yanatokea karibu na wapi. Tuseme ni 25.60. Mizunguko inayofuata, achia kwa kasi mpaka kama 23, kisha tone kwa tone.

Karibu na mwisho utaona wingu la waridi pale tone linapoangukia, likitoweka ukizungusha. Likianza kuchelewa kutoweka, punguza kasi. Sasa unataka nusu tone: acha tone lining'inie kwenye ncha, liguse ukuta wa flaski, lisukumie ndani kwa maji ya chupa ya kunyunyizia.

Rangi unayoitafuta ni ya chungwa, iliyoshikilia ukizungusha. Ikiwa ya waridi iliyokolea, umepita. Haina dawa, andika namba hiyo, andika "imepita", kisha rudia.

Onyo: kwa zoezi hili usitumie fenolfthalini, kiashiria kingine cha maabara. Inapoteza rangi kaboneti inapogeuka kuwa baikaboneti, yaani nusu ya safari. Utapata karibu 12.5 ukidhani umemaliza.

## Hatua ya 9: Andika kabla hujashika chombo kingine

Soma, andika, ndipo ujaze tena. Mfuatano huu usivunjwe. Fanya kazi wawili wawili ikiwezekana: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaandika na kuirudia namba kwa sauti.

Jedwali lililojazwa vizuri linafanana na hili:

| | Majaribio | 1 | 2 | 3 |
|---|---|---|---|---|
| Mwisho | 25.60 | 25.10 | 25.25 | 26.05 |
| Mwanzo | 0.00 | 0.00 | 0.20 | 1.00 |
| Iliyotumika | 25.60 | 25.10 | 25.05 | 25.05 |

Mizunguko mitatu ya mwisho inapishana kwa 0.05 tu. Jizoeze isizidi 0.10. Ya majaribio haiingii kwenye wastani, hata kama imependeza.

Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja juu ya namba ili iendelee kusomeka, andika iliyo sahihi pembeni, weka herufi za jina lako na sababu fupi: "nilisoma juu ya mbonyeo". Hakuna wino mweupe wa kufutia, hakuna kuchana. Namba iliyokatwa mara nyingine ndiyo inayogeuka kuwa sahihi.

Na sasa suala la kupika. Mwanafunzi anapata 25.10, 24.30 na 25.60, anaogopa, anaandika 25.00 mara tatu. Msahihishaji ana majibu ya mwalimu aliyefanya zoezi lile lile kwa kemikali zile zile, na ukolezi wa mwaka huu huenda si ule wa mtihani wa mwaka jana uliokariri. Namba tatu zilizofanana mno, zote zikianzia 0.00, zinapiga kelele zenyewe. Namba mbaya yenye maelezo ya kweli inaweza kusahihishwa. Ya kupika haina pa kuanzia.

Kwenye mazoezi ya kutambua chumvi, kanuni ni hiyo hiyo: andika ulichoona, siyo unachodhani. "Kaboneti ipo" ni hitimisho. Ulichoona ni mapovu yaliyotoka kwa nguvu, na gesi iliyofanya maji ya chokaa yawe kama maziwa. Safu ya kuona iandikwe maabara, safu ya hitimisho inaweza kusubiri.

## Hatua ya 10: Hesabu, kwenye ukurasa uleule

Wastani: (25.10 + 25.05 + 25.05) ÷ 3 = 25.07.

Moli za kaboneti: 0.05 × 25 ÷ 1000 = 0.00125.

Moli moja ya kaboneti inamaliza moli mbili za asidi, kwa hiyo moli za asidi ni 0.0025.

Ukolezi wa asidi: 0.0025 × 1000 ÷ 25.07 = 0.0997 M.

Jibu lililo karibu na 0.1 linaonyesha kazi imekwenda vizuri. Ukipata 0.05, umesahau zile moli mbili. Ukipata 0.2, kuna uwezekano mkubwa ulitumia fenolfthalini.

## Ajali ikitokea

Kemikali jichoni: maji yanayotiririka dakika 20, kope zikiwa wazi, kisha hospitali. Alkali kama sodiamu haidroksaidi ni mbaya kuliko asidi kwa jicho, maana inaendelea kupenya ndani. Usione haya kupiga kelele.

Kemikali kwenye ngozi: vua nguo iliyolowa, mwagia maji mengi. Usipake alkali ili "kuua" asidi; mmenyuko huo nao unatoa joto.

Kuungua moto: maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20. Hapana dawa ya meno, hapana yai, hapana mafuta. Hivi hufunika joto ndani na kumpa daktari kazi ya kukwangua kidonda.

Motopoa au kibatari cha spiriti kikipinduka: funika kwa mchanga au kitambaa kilicholowa. Na kamwe usiongeze spiriti kwenye kibatari kinachowaka. Kumbuka mwali wa spiriti hauonekani vizuri mchana.

Kioo kilichovunjika: ufagio na kizoleo, si vidole, na kiende kwenye chombo chake peke yake.

Kila ajali, hata ndogo, iandikwe daftarini: saa ngapi, nini kilitokea, nini kilifanyika. Daktari atauliza jina la kemikali na ukolezi wake, na vyote viwili viko kwenye ukurasa wako.

## Hatua ya 11: Funga kazi

Asidi na kaboneti za zoezi hili ni hafifu; zimwage kwenye sinki kwa maji mengi. Mabaki yenye risasi au fedha, kama ya mazoezi ya kutambua chumvi, yaende kwenye chombo cha taka atakachokuonyesha fundi.

Suuza bureti mara tatu kwa maji, ifunge kwenye stendi kichwa chini, koki ikiwa wazi. Pangusa meza. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuvua miwani, kwa sababu mkono wa kwanza kugusa uso huwa ni ule uliovua miwani.

Piga mstari kukata nafasi tupu iliyobaki kwenye ukurasa, jaza yaliyomo, weka sahihi, na mpelekee mwalimu daftari atie yake siku hiyo hiyo.